Mpira Hufungua Mlango, Cheti Humwingiza Mtu Ndani

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Mabira, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera)



Najua wengi mmetoka shambani moja kwa moja. Wengine mmeacha kahawa imeanikwa na mnatazama mawingu. Sitawachelewesha. Leo sisemi juu ya mbolea, wala juu ya mnyauko wa migomba. Leo nasema juu ya mpira wa wavu.

Namwona mzee mmoja pale anacheka. Anasema moyoni, "Mwalimu ametuita tusikilize habari za michezo ya watoto?" Ndiyo, mzee wangu. Nimewaita kwa sababu michezo hii ya watoto sasa inaleta barua nyumbani kwenu. Na barua ni kazi yetu sisi tuliojifunza kusoma.

Barua ya siku tano

Sikilizeni kisa hiki. Jioni moja baba mmoja, mhitimu wa kisomo kama ninyi, alikuja kwangu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Ni msichana mrefu, anaruka, na mkono wake una nguvu. Mwaka ule alikuwa amechaguliwa kuchezea timu ya wavu ya wilaya.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee."

Akasema, "Marahaba, mwalimu. Nimekuja na bahati. Mwanangu anatakiwa Marekani."

Barua ilisema kwamba chuo kikuu kimoja cha Marekani kimemwona binti akicheza. Kitamsomesha bure kwa miaka minne. Mwisho wa barua, mzazi aliambiwa atume shilingi 850,000 kwa simu ndani ya siku tano, kwa ajili ya usajili na viza. Mzee alikuwa amekwisha patana bei ya ng'ombe na mnunuzi. Kesho yake asubuhi ng'ombe angetoka zizini.

Nikamwuliza, "Mzee, barua hii umeisoma mwenyewe?"

Akajibu, "Nilisomewa na yule aliyeileta."

"Basi keti. Wewe usome, mimi nisikilize."

Akaanza kusoma taratibu, kidole chini ya mstari, kama tulivyofundishana darasani. Alipofika mstari wa pili akasimama. Jina la binti yake lilikuwa limekosewa. Akaendelea. Jina la chuo lilikuwepo, lakini anwani hapana. Mwalimu wa timu hakutajwa. Somo ambalo binti angesoma halikutajwa. Mtihani wa kidato cha nne haukutajwa hata kidogo, na binti alikuwa bado hajaufanya. Namba ya kutumia fedha ilikuwa ya simu ya mtu binafsi.

Mzee akaweka karatasi chini. Akasema, "Mwalimu, chuo kinamtaka mwanangu, na hakijui jina lake?"

Ng'ombe hakuuzwa. Ndugu zangu, si mimi niliyemfumbua macho mzee yule. Alijifumbua mwenyewe kwa kusoma.

Jambo lenyewe lipo

Sasa msitoke hapa mkasema kwamba habari zote za vyuo na michezo ni uongo. Hapana. Jambo lenyewe lipo, na ndiyo maana matapeli wanalitumia. Mtu hatengenezi noti bandia ya fedha isiyokuwepo.

Suleiman Nyambui ni jirani yetu, mtu wa Majita, Mkoa wa Mara, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mkimbiaji. Miguu yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Alisoma huko na akakimbilia chuo hicho. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000, Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Baadaye aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha nchi yetu.

Hasheem Thabeet ni kijana wa Dar es Salaam. Alicheza mpira wa kikapu. Alimalizia sekondari katika mji wa Houston, Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi kubwa ya kikapu ya Marekani mwaka huo.

Mnaona? Wote wawili walipita chuoni. Mchezo uliwafungulia mlango, lakini kilichowaweka ndani ni masomo.

Wamarekani hufanyaje?

Kule Marekani vyuo vina timu kubwa. Kila timu ina mwalimu wake. Mwalimu huyo hutafuta wanafunzi wanaojua mchezo, naye hupenda kumpata mwanafunzi kabla chuo kingine hakijampata. Wavu wa wanawake unachezwa katika vyuo vingi kuliko wavu wa wanaume.

Chama kikubwa cha michezo ya vyuo huitwa NCAA. Kimegawa vyuo vyake katika madaraja matatu. Vyuo vya daraja la kwanza na la pili vinaweza kumlipia mwanafunzi kwa sababu ya mchezo. Vyuo vya daraja la tatu havitoi msaada kwa sababu ya mchezo. Vipo vyama vingine pia, kama NAIA, na NJCAA ambacho ni cha vyuo vya miaka miwili.

Mambo huenda hivi:

Kwanza, mwanafunzi, akisaidiwa na mwalimu wake, humwandikia mwalimu wa timu ya chuo. Hutaja umri wake, kimo chake, darasa lake na nafasi anayocheza. Hutuma picha fupi ya video akiwa uwanjani, na matokeo yake ya shule.

Pili, mwalimu wa timu akipendezwa hujibu. Huuliza maswali mengi. Huuliza juu ya mchezo, na huuliza sana juu ya masomo.

Tatu, mwanafunzi anayetaka kuchezea daraja la kwanza au la pili hujiandikisha kwenye ofisi ya NCAA inayokagua sifa. Ofisi hiyo hutaka kuona matokeo ya miaka yote ya sekondari, si ya mwaka wa mwisho tu. Hutazama masomo kama Kiingereza, hisabati na sayansi. Aliyekuwa akitoroka hisabati kidato cha kwanza ili akacheze, hapa ndipo deni humfuata.

Nne, mara nyingi hutakiwa kufanya mtihani wa lugha ya Kiingereza.

Tano, chuo humwandikia msaada wake katika karatasi. Karatasi hiyo husema wazi msaada ni kiasi gani na ni wa muda gani. Msaada mwingine hulipa kila kitu. Mwingine hulipa nusu au robo tu, na kinachobaki ni mzigo wa mzazi.

Sita, chuo chenyewe hutoa fomu inayoitwa I-20. Bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Na mwenye kutoa viza ni ofisa wa ubalozi peke yake. Mwalimu wa timu hana viza. Wakala hana viza.

Na juu ya viza kuna habari ambayo lazima mwijue. Mwezi Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo lililoitia Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia Marekani, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Viza za wanafunzi zimo katika vizuizi hivyo. Matangazo ya namna hii huweza kubadilika. Kwa hiyo kabla hujauza hata kuku, pata habari ya siku hiyo kutoka Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Usiipate kwa mtu wa stendi.

Fedha hulipwa wapi?

Sitawadanganya kwamba hakuna gharama. Zipo. Pasipoti ina ada. Mtihani wa Kiingereza una ada. Kujiandikisha kuna ada. Viza ina ada. Lakini kila ada ina ofisi yake na risiti yake. Ada za Serikali yetu hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Haziingii katika simu ya mtu.

Wapo mawakala wanaofanya kazi ya kuandika barua na kutuma video kwa malipo. Lakini wakala hana nafasi ya chuo mfukoni. Akikuambia, "Lipa leo, nafasi ni yako," mwambie, "Ahsante, nitakwenda kwanza kwa mkuu wa shule." Mtu wa kweli atakungoja. Tapeli ataondoka na haraka yake.

Milango ya karibu

Ndugu zangu, tusitazame mbali tukajikwaa kwenye kizingiti cha nyumbani. Milango iko karibu pia.

Watoto wetu wa shule za msingi wana michezo ya UMITASHUMTA. Wa sekondari wana UMISSETA. Mtoto huanza shuleni kwake, akapanda mpaka wilaya, mkoa, halafu taifa. Juu ya hapo kuna mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Mwaka 2022 yalifanyika Arusha. Mwaka 2023 yalifanyika Huye, Rwanda, nchi ambayo sisi wa Kyerwa tunapakana nayo. Mwaka 2025 yalifanyika Kakamega, Kenya. Hapo watu wa klabu na vyuo huja kutazama.

Tazameni wenzetu wa Kenya. Ipo shule moja, Kwanthanze, katika Kaunti ya Machakos, inayosifika kwa wavu wa wasichana. Wasichana wakitoka shule kama hizo huchukuliwa na timu za kazini. Kuna timu ya Magereza, timu ya benki ya KCB, na timu ya Kenya Pipeline, shirika la bomba la mafuta. Msichana anacheza, tena ana kazi. Kutoka katika timu hizo ndipo inapopatikana timu yao ya taifa, Malkia Strikers. Timu hiyo ilicheza Olimpiki za Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Kule Tokyo nahodha wao, Mercy Moim, alikuwa mmoja wa wawili waliobeba bendera ya Kenya.

Hapa kwetu pia timu za majeshi, kama Magereza na JKT, hucheza wavu. Lakini Magereza au Polisi wakitangaza nafasi za kazi, huuliza cheti cha kidato cha nne. Na kuingia chuo kikuu cha hapa Tanzania moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kijana anatakiwa kufaulu angalau masomo mawili kwa kiwango cha juu. Akiingia, anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Serikali. Ada ya sekondari za Serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Kwa hiyo njia ya cheti iko wazi kwa mtoto wa Mabira, awe anajua mpira au hajui.

Kisa changu mwenyewe

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma.

Mimi nilicheza wavu. Nilipokuwa kidato cha pili, shule moja ya kulipia ilinitaka. Shule hiyo sitaitaja. Walikuja nyumbani na gari. Walimwambia baba kwamba nitasoma bure. Walitoa karatasi. Baba yangu hakujua kusoma. Aliweka dole gumba, tukapiga makofi, mama akawapa wageni mkungu wa ndizi.

Mwaka uliofuata niliumia goti. Miezi miwili sikuweza kuruka. Nikaitwa ofisini nikaambiwa nilipe ada yote. Nikasema, "Lakini baba aliambiwa ni bure." Wakanionyesha karatasi. Nikaisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza. Iliandikwa: nitasoma bure kwa muda wote nitakapokuwa nachezea timu. Basi. Siku goti lilipoumia, na ahadi ikaumia.

Baba aliuza kipande cha kibanja chetu ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu. Migomba ile sasa inavuna mtu mwingine. Baba hakunilaumu hata siku moja. Lakini kila nimwonapo mzee ameshika karatasi asiyoisoma, nakiona kile kidole chake chenye wino.

Ndugu zangu, hatukudanganywa kwa maneno ya karatasi. Karatasi ilisema kweli. Sisi ndio tulioshindwa kuisoma.

Maswali sita ya kumwuliza mgeni

Mtu akija kumtaka mtoto wako kwa ajili ya mchezo, mkaribishe, mpe maji, halafu mwulize maswali haya. Yaandikeni katika madaftari.

1. Unatoka shule gani, chuo gani au timu gani? Barua yako yenye anwani iko wapi? Mkuu wa shule ya mwanangu anakujua?

2. Mwanangu atasoma nini, na atapata cheti gani?

3. Msaada wenu unalipa nini? Ada? Chakula? Mahali pa kulala? Vitabu? Nauli ya kwenda na kurudi?

4. Msaada ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize?

5. Akiumia, au akishuka kiwango, ataendelea kusoma?

6. Kama kuna malipo, nalipa ofisi gani, na risiti nitapewa na nani?

Majibu yawe katika karatasi. Karatasi ikae kwako siku kadhaa. Isome mara mbili. Ikiwa ni ya Kiingereza, mpelekee mwalimu akufafanulie mstari kwa mstari. Usitie sahihi siku ile ile. Kuuliza si ujinga, na kusoma mbele ya mgeni si kumkosea adabu.

Na kwa watoto wa kike nasema zaidi. Binti asiondoke na mtu kwa sababu tu ana gari na fulana ya michezo. Uliza atalala wapi na mwalimu gani wa kike atakuwa naye. Pasipoti yake asimpe mtu mwingine aishike. Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Ukiona mambo hayaeleweki, nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Mwambie pia mwenyekiti wako.

Kazi ya mzazi nyumbani

Mzazi hahitaji kujua kupiga wavu. Kazi yake ni hii:

Kwanza, mpe mtoto nafasi. Msichana akitoka shule, akachota maji, akapika, akalea wadogo zake, na kaka yake yuko uwanjani, msichana huyo atacheza saa ngapi na atasoma saa ngapi? Gawa kazi za nyumba kwa watoto wote.

Pili, soma ripoti ya shule. Usiishie kwenye namba aliyoshika. Tazama Kiingereza, tazama hisabati. Yakishuka, mwite mtoto, kisha mwone mwalimu. Mpira usimame kidogo.

Tatu, tengeneza bahasha moja. Humo weka cheti cha kuzaliwa, ripoti za kila muhula, barua za michezo na namba za simu za walimu. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa katika kila karatasi. Herufi moja iliyokosewa huweza kumsumbua mtoto miaka mingi.

Nne, usimpunguzie mtoto umri ili acheze na wadogo. Mchezaji mamluki akigundulika, timu huadhibiwa. Na umri wa uongo utakuja kupingana na cheti cha kuzaliwa siku ya pasipoti.

Ndugu zangu, mmeniuliza mara nyingi, "Mwalimu, sisi tumesoma uzeeni, kusoma kwetu kuna faida gani?" Faida ni hii. Baba yangu alikuwa na akili kuliko mimi, lakini alipoteza kibanja kwa mstari mmoja. Yule mzee wa ng'ombe alijifunza kusoma akiwa na wajukuu, na mstari mmoja ukamwokoa. Binti yake alifanya mtihani wa kidato cha nne akafaulu. Sasa yuko kidato cha tano na bado anacheza wavu. Siku barua ya kweli itakapokuja, ikija, baba yake ataisoma. Isipokuja, cheti chake anacho.

Kabla hamjaenda kuanua kahawa, nawaachia maswali matatu ya kuzungumza katika vikundi vyenu:

1. Je, katika kijiji chetu yupo aliyeahidiwa nafasi ya shule au kazi kwa sababu ya mchezo? Karatasi yake ilisomwa na nani?

2. Katika nyumba yako, nani hucheza na nani huchota maji?

3. Bahasha ya mwanao iko wapi leo?